Kukutana Nyuma ya Hekalu

"Mama, kikapu hakikai kitini," kondakta alisema. "Kiteremshe chini, watu wakae."

"Hiki hakikai chini," Yudon akajibu bila kumtazama.

"Kwani kina mayai?"

"Kina mume wangu."

Kondakta akakitazama kile kikapu, akaona kitambaa cheupe cha hariri kilichofungwa juu yake, akavua kofia. Alikuwa kijana wa mabondeni, si mtu wa dini yao, lakini alikwisha fanya kazi njia ile muda wa kutosha kujua maana ya kitambaa kile.

"Basi akae dirishani, aone njia," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe kaa upande huu, mtu asije akamwegemea."

Basi likateremka kutoka Dharamshala. Mierezi ikaanza kupungua, mashamba ya chai yakatokea, na milima yenye theluji ikabaki nyuma ya vioo, haisogei. Yudon aliweka mkono mmoja juu ya kikapu kila walipofika kwenye kona.

Ndani mlikuwa na tsatsa: vifinyango vidogo vya udongo vyenye umbo la mnara, kila kimoja kama kidole gumba, vilivyokandwa kwa majivu ya mumewe Namdak. Mtawa mmoja alivifinyanga na kuvianika juani. Tsatsa hupelekwa mahali patakatifu, zikaachwa chini ya mwamba au ukingoni mwa hekalu, zinyeshewe mvua na kurudi kuwa udongo. Haziwekwi nyumbani. Anayeweka hata moja nyumbani humfunga marehemu kamba mguuni, asiweze kwenda kuzaliwa upya. Hilo hata mtoto analijua.

Yudon naye alilijua. Lakini asubuhi ya safari, alipokuwa akizipanga kikapuni, mkono wake uliichukua moja, iliyotoka vizuri kuliko zote, ukaitia kifuani, katika mkunjo wa vazi lake refu, juu ya mshipi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Wifi yake Nyima alikwisha mpigia simu mara nyingi kutoka Dolanji. "Mlete kwetu, wifi. Mlete kamili, asibaki hata kidogo njiani. Hapa ndipo alipozaliwa." Naye Yudon aliitikia, "Nitamleta." Ile iliyokuwa kifuani aliihesabu kuwa yake. Angempa Nyima kikapu, angerudi nyumbani na hii moja, angeiweka nyuma ya birika, mahali ambapo hakuna mgeni anayeangalia. Kama Namdak angechelewa kidogo huko aendako, basi achelewe. Katika maisha yake alikuwa mtu wa kuchelewa.

Safari yenyewe ilikuwa ya Namdak. Walikuwa wauza sweta. Kila kipupwe kilipoingia waliteremka mabondeni na marobota yao, wakauza kando ya barabara za miji yenye vumbi, wakarudi milimani theluji inapoyeyuka. Barabara ile waliipita mwaka hadi mwaka wakiwa wamesinzia. Namdak alikuwa na neno lake: "Siku moja tutaipita kwa raha zetu. Tutashuka kila mji. Tutalala, tutaamka tukitaka, tutakula supu ya kila mama lishe na kumtoa kasoro." Sasa Yudon aliipita kwa raha, naye Namdak alikuwa kikapuni.

Akashuka Bir. Akapanga chumba, akakiweka kikapu juu ya rafu, mahali pa juu panapostahili, akatoka kutafuta chakula. Angani watu waliruka kutoka mlimani na vitambaa vya rangi kama miavuli mikubwa, wakishuka polepole juu ya mashamba. Watoto wa mji hawakuinua hata macho.

Mama lishe alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi. "Karibu, dada! Mko wangapi?"

Yudon akafungua mdomo aseme mmoja, ulimi ukakataa. "Wawili."

Zikaja bakuli mbili za supu ya tambi. Moja mbele yake, nyingine mbele ya kiti kitupu. Akala taratibu. Ile ya pili ikatoa mvuke, kisha ikaacha, kisha mafuta yakaganda juu kama barafu ya kidimbwi.

"Bwana wako vipi?" mama lishe akauliza akifuta meza ya jirani. "Au kakutana na wacheza karata?"

"Anakuja."

"Wanaume hawa! Wangu nilimtuma vitunguu, akarudi jioni na habari za siasa. Nikupashie moto hiyo?"

"Hapana, dada. Anapenda ya baridi."

Akabaki pale mpaka watu wote wakaondoka. Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Hakuwa na wa kumwambia kwamba ina chumvi nyingi.

Asubuhi akalizunguka hekalu la Bir, kikapu mikononi, kama alivyozoea. Alikwenda ukuta ukiwa mkono wake wa kulia, pamoja na watu wote, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Hivyo ndivyo Wabudha wanavyozunguka. Lakini Namdak alikuwa Mbon, mtu wa dini ya kale zaidi ya milimani kwao, na Wabon huuweka ukuta mkono wa kushoto. Kwa hiyo kwao Dharamshala, kila asubuhi ya ndoa yao, waliondoka nyumbani pamoja, wakafika langoni pamoja, kisha wakaachana: yeye huku, mume kule. Wakakutana nyuma ya hekalu, penye upepo na moshi wa mreteni unaofukizwa, halafu tena mbele ya lango, halafu tena nyuma.

"Bado uko hai?" Namdak alikuwa akimuuliza kila walipokutana, kana kwamba hawajaonana mwaka.

"Nangoja utangulie, nijinyooshe kitandani."

Watu walicheka. Wengine walinong'ona kwamba mwanamume yule anatia mkosi, anakwenda kinyume na umati. Hakujali. Na tangu mumewe afe, Yudon aliendelea kuzunguka, na kila alipokaribia nyuma ya hekalu miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe.

Kutoka Bir akapanda basi la Mandi, na kutoka Mandi gari dogo la kupanda mlima mpaka Tso Pema. Ziwa la pale ni dogo, samaki wake ni wanene kwa kulishwa na mahujaji, na nyani wake hawana adabu. Yudon akakaa huko bila haraka. Alilala mchana. Alikunywa chai ya siagi kibarazani akisikiliza maneno ya watu wengine. Kila asubuhi alilizunguka ziwa na kikapu chake.

Mtawa mmoja mzee wa kike alikuwa akikaa ukingoni akiwatupia samaki bisi. Kwa siku kadhaa alimwangalia tu akipita. Mwishowe akaita, "Wewe! Unamzungusha nani?"

"Mume wangu, shangazi."

"Mtu wa wapi?"

"Dolanji."

Mtawa akaacha kutupa bisi. "Mbon?"

"Mbon, shangazi."

"Na umemzungusha hivyo, kwa njia yetu, tangu wapi?"

"Tangu nyumbani."

Mtawa akapiga paja lake, akacheka hadi ufizi wote ukaonekana. "Maskini wa Mungu! Maisha yake yote anafuma upande ule, akifa tu mkewe anamfumua kama sweta kuukuu! Ukifika Dolanji hatabaki hata uzi!"

Yudon akasimama akiwa amekumbatia kikapu. Uso ukamwaka moto. Hakuwa amefikiri hata mara moja. Miguu ilikwenda ilikozoea, naye akambeba mtu mahali ambapo mwenyewe asingekwenda. Kisha kicheko kikamtoka, kidogo, kama kikohozi. Hakikuwa kimemtoka tangu msiba. Akakaa chini kando ya yule bibi.

"Shangazi," akasema baada ya kitambo, "nina jirani yangu. Mumewe alikufa. Akaficha tsatsa moja."

"Jirani huyo anakaa mbali?"

"Karibu."

"Karibu kiasi gani?"

Mkono wa Yudon ukapanda kifuani kabla hajauzuia. Mtawa akawageuzia samaki macho yake.

"Mwambie jirani yako, marehemu ni mgeni aliyekwisha aga. Yuko mlangoni, viatu amevaa. Wewe umemshika mkono unamwambia ngoja kidogo, chai iko jikoni. Kwa heshima yake hawezi kuondoka. Na chai yenyewe hakuna."

"Na aliyebaki ndani, shangazi? Yeye anakunywa nini?"

Bibi akawatupia samaki bisi zilizobaki, akakung'uta vazi lake. "Hilo sijui, mwanangu. Mimi sikuolewa."

Siku aliyofika Dolanji, Nyima alikuwa akimngoja pale basi linapogeuzia, mfupi, mpana, na shali begani.

"Wifi! Umekonda kama mti wa bendera! Kwenu hawali?"

"Tunakula, wifi. Hatupayuki tu."

"Eti hatupayuki! Zamu ya kaka yangu ya kusema uliimaliza wewe." Akanyamaza ghafla, maana macho yake yalikuwa yamefika kwenye kikapu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigusisha paji la uso. Akakibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Akakiweka mbele ya taa za siagi. "Yumo kamili?" akauliza.

"Yumo," Yudon akasema. Ile ya kifuani ikamchoma kama kaa la moto.

Asubuhi wakapanda mpaka hekalu la Wabon, juu kwenye misonobari. Nyima akakifungua kikapu, wakazipanga tsatsa kwenye ukingo wa mawe upande wa jua, mahali zilipokuwa za watu wengine, baadhi zimekwisha lainika kwa mvua hata hazijulikani zilikuwa na umbo gani. Kikapu kikabaki kitupu. Nyima akafuta macho kwa shali, akaingia kusalimia watawa.

Yudon akaanza kuzunguka ili apitishe muda. Hakuwaza. Miguu ikashika njia yake. Hatua chache tu akaona nyuso zikimjia.

Wazee kwa tasbihi, mama mwenye mtoto mgongoni, watawa wawili wakigombana juu ya mpira, wote walikuja mbele yake, wakampita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe. Wengine walimtazama, wengine walikunja uso. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, umepotea?" Hakuna aliyesimama. Yudon alikuwa amezoea visogo. Nyuso nyingi namna ile zilimtia aibu. Na katika kila uso, kabla haujafika karibu, alimtafuta mmoja.

"Wifi! Geuka!" Nyima alikuwa akimjia kwa kasi, shali linaburuta. "Unaniaibisha! Mji mzima utasema nimeleta mchawi!"

"Hivi ndivyo alivyokuwa akienda kwetu," Yudon akasema. "Kila siku. Hivi."

Nyima akatweta. "Ndiyo. Kwani hukujua?"

"Nilijua. Sikujua."

Wakasogea kando, chini ya msonobari, watu wapite.

"Tulimwita arudi," Nyima akasema. "Mama alimlilia. Tukamwambia, kaa huku, mlete na mkeo, huku hutakwenda kinyume na mtu. Akakataa. Akasema, mke wangu akija Dolanji kwa adabu atazunguka njia yetu, nami nitauona mgongo wake mpaka nife. Huku angalau namkuta." Akapenga kamasi. "Mjinga yule."

Mkono wa Yudon ulikuwa kifuani, juu ya ile moja. Ilikuwa imepata joto la mwili wake, haikuonekana tena kama kitu kingine. Popote angekwenda nayo ingekwenda. Angegeuka kulia, ingegeuka. Angesimama, ingesimama. Asingekutana nayo kamwe.

Akaitoa.

Nyima akaiona, akafumba macho, akafumbua. Yudon alingoja matusi, na alistahili. Lakini Nyima alisema tu, "Ndiyo maana jana hukula."

"Nilitaka kurudi nayo."

"Najua ulitaka."

"Mchukue wewe," Yudon akasema. "Mchukue, mzungushe kwa njia yenu. Mimi nitakwenda kwa njia yangu."

"Watu watasema."

"Waseme. Mara moja tu, wifi."

Nyima akaifungia tsatsa katika viganja viwili. Wakarudi mpaka langoni, wakasimama bega kwa bega, kisha wakaachana, mmoja huku, mmoja kule.

Yudon alitembea dhidi ya watu. Nyuma ya hekalu upepo ulikuwa mkali. Akamwona wifi yake akija, mfupi, mpana, viganja vimeinuliwa mbele ya kifua kama abebaye maji. Wakakaribiana. Nyima akasimama. Yudon akaitazama ile tsatsa. Alikuwa na maneno mengi tangu msiba, ya supu yenye chumvi, ya mtawa asiye na meno, ya kitanda kilivyo kipana. Hakusema hata moja. Aliinamisha kichwa, akakishusha mpaka paji la uso likagusa ule udongo viganjani mwa wifi yake.

"Haya," Nyima akanong'ona.

Wakapitana.

Walipokutana tena mbele ya lango, mikono ya Nyima ilikuwa mitupu, tsatsa ameiacha ukingoni na zile nyingine, na vumbi la udongo lilikuwa limebaki kwenye vidole vyake.

"Twende tukanywe chai," Nyima akasema. "Nimekuwekea siagi mpya."

"Tangulia. Nakuja."

Nyima akashuka. Yudon akazunguka mara moja tena, kwa njia yake, nyuso zikija na kupita. Alipofika nyuma ya hekalu hapakuwa na mtu. Safari hii hakupunguza mwendo.