Mkono Ukitoka, Mpira Umekaa

"Shem, ukikaa kwenye kiti cha mtu, unabeba na mzigo wake," Chapuchapu alisema huku akiipaka chaki ncha ya fimbo yake. "Kaka alikuwa ananipa nafuu. Yeye mpaka aingize mipira tisa, mimi sita inatosha. Unacheza badala yake, basi nafuu yangu iko palepale. Au nayo mmeizika?"

Fundi aliitazama meza. Kazi yake ilikuwa kuzivalisha meza za pool vitambaa, ndiyo iliyompa jina. Hii ilikuwa ya mumewe, marehemu Kobe, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuupiga mpira kabla ya kuizunguka meza mara mbili. Sasa Chapuchapu, mdogo wake Kobe, alitaka kuihamishia kwenye ukumbi wake, kwa kuwa aliyeinunua ni baba yao. Mama mkwe, aliyewazaa wote wawili, alichoshwa na maneno. Chezeni, alisema, atakayeshinda abaki nayo, nami masikio yangu yapumzike.

"Tisa kwa sita," Fundi alisema. "Nimekubali."

"Ana kiburi huyu, Mama."

"Ana haya," mama mkwe alijibu kutoka kwenye benchi. "Wewe ndiye dume zima unaomba nafuu kwa mjane."

Ulikuwa mchezo wa shimo moja. Kila mchezaji ana shimo lake kwenye kona ya mwisho wa meza, mmoja kulia, mwenzake kushoto. Mpira ukizama kwingine hauna mwenyewe, unarudishwa kwenye nukta, ile alama nyeusi iliyo mbele ya mashimo hayo. Ukikosea, unautoa mpira mmoja katika ile uliyokwisha kuingiza, nao unarudi nukta. Kobe aliongeza sheria ya kwake: aliyekosea ndiye anayeweka, na mkono ukitoka, mpira umekaa. Hakuna kugusa tena.

Yeye mwenyewe hakuweka kimyakimya. Aliutua mpira kwenye nukta, akaugonga utosini kwa mpira mwingine, tok, ili utulie. Miaka na miaka ile tok ilikula bamba la jiwe lililo chini ya kitambaa mpaka pakawa na kibonde. Fundi alimsihi akizibe. "Kiache," Kobe alimwambia. "Mpira nao unataka pa kulala."

Baada ya mazishi, Fundi alijifungia na ile meza. Alikibandua kitambaa, akamimina nta kwenye kibonde, akaikwangua kwa wembe, akaweka pimamaji. Kiputo kikasimama katikati. Alipokwisha kutandika kitambaa kipya ndipo alipoelewa alichofanya. Alama ya mkono wa mumewe ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, naye ameifukia. Amemzika mara ya pili. Hakumwambia mtu.

Mchezo ulianza jua la mchana likiwa dirishani. Fundi ndiye aliyekosea kwanza: nyeupe, ule mpira wa kupigia, ilizama. Alichukua mpira wake mmoja, akautua kwenye nukta kama anayetua yai.

Tok.

Mama mkwe aliinua uso.

"Eh, shem, na kuiga tena?" Chapuchapu alicheka. "Utatuzeeshea meza."

"Sijagonga."

"Basi amegonga nani, nzi?"

Walicheza. Chapuchapu alipiga upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni, na mipira ikamtii. Fundi alizunguka meza mara mbili kabla ya kila pigo. Hakuwa na tabia hiyo. Miguu ilikwenda yenyewe.

Ikafika nane kwake, tano kwa Chapuchapu, na mipira miwili mezani. Kila mmoja alibakiza mmoja. Chapuchapu aliinama, akapiga, mpira ukaingia kwenye shimo lake bila kugusa ukingo.

"Naleta gari lini?" aliuliza, akinyooka.

"Tazama nyeupe," mama mkwe alisema.

Nyeupe ilikuwa bado inatembea. Ilijikokota hadi mdomo wa shimo la Fundi, ikasita, ikadondoka.

Mpira wake haukuhesabika. Ulirudi nukta, na mwingine wa adhabu nyuma yake. Chapuchapu hakubabaika sana. Mipira miwili ikigusana, ukiupiga wa mbele kwa ubavu, wa nyuma unaupotosha njia. Wa tatu ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa mbali. Fundi hakuwa na pa kupiga.

Chapuchapu aliibana miwili kwa vidole mpaka ikashikana, akachungulia, akaachia.

Tok.

Mipira ikaachana, kati yake pakapita mwanga, mwembamba kama unywele.

Mkono wa Chapuchapu ulirudi haraka kuibana tena.

"Mkono umetoka," mama mkwe alisema taratibu. "Nyumba hii ina sheria. Na mwanangu Kobe hakupenda kuharakishwa."

Fundi alizunguka meza mara mbili. Akapiga. Mpira wa mbele uliteleza hadi kona yake ya kulia, ukazama.

Chapuchapu aliifungua fimbo yake vipande viwili.

"Ni kile kibonde cha kaka," alisema. "Kimeuvuta mpira. Nilikisahau kabisa. Ungekiziba, shem."

Fundi aliweka fimbo yake mezani. "Nitakiziba."

Walipoondoka, alipitisha kidole juu ya nukta. Palikuwa tambarare, sawasawa, kazi safi ya mkono wake. Aliweka mipira miwili ikigusana, akaachia, akangoja. Mwanga wa dirisha ulihama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mipira ilibaki imekumbatiana. Hapakusikika kitu.

"Umekwenda sasa, mume wangu," alisema.

Aliuondoa wa nyuma, akauinua juu ya mwenzake uliobaki kwenye nukta. Nta ilikuwa bado laini chini ya kitambaa, ikiweza kubonyea. Akagonga, tok. Akasikiliza, kisha akagonga tena.