Nani Atampa Nell Cheti Chake

Katika mji wa Orrinsburg, nje kidogo ya Cleveland, kuna desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuipinga. Siku ya mahafali ya sekondari, vyeti hutolewa na mwenyekiti wa bodi ya shule. Lakini mjumbe wa bodi mwenye mtoto au mjukuu kwenye foleni huinuka, humwomba mwenyekiti asogee kando, na kumkabidhi mtoto wake cheti kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo malipo pekee ya maana wanayopata watu wale. Mengine ni vikao visivyoisha, simu za matusi na kahawa iliyopoa.

Rosalie Dvorsky, mjumbe wa bodi, alikuwa akiingojea siku hiyo tangu Nell akiwa darasa la kwanza. Nell ni mjukuu wake, na alimlea mwenyewe tangu binti yake, mama wa mtoto, alipofariki. Ahadi waliwekeana mezani wakila pierogi, vile vijisambusa vya kuchemsha: ukimaliza shule utanikuta kule juu, nimekushikia cheti. Nell aliitangaza ahadi ile hadi kwa dereva wa basi la shule. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, na bibi yake alikabiliwa na uchaguzi mwezi Novemba, na kabla ya hapo kura moja chungu mwezi Oktoba.

Kura hiyo ilihusu Larkmoor, shule ya msingi ndogo kuliko zote wilayani, ile ile aliyosoma Nell. Mtambo wa kupasha joto ulikuwa taabani na watoto walisoma na makoti mwilini. Nusu ya madarasa yalikuwa matupu. Mkurugenzi wa shule za wilaya hakuzungusha maneno: ama Larkmoor ifungwe, ama wauguzi na walimu wa muziki waachishwe kazi katika shule nyingine zote. Wananchi walikuwa wamekataa kodi ya shule mara mbili kwenye sanduku la kura, na sasa watu wale wale walikuwa wakiuliza kwa hasira pesa za shule zimekwenda wapi.

Aliyewaongoza alikuwa Todd Brubaker, daktari wa meno, ambaye alikitaka kiti cha Rosalie. Alitengeneza vibao vya OKOA LARKMOOR, vikasimama kwenye nyasi za mtaa mzima. Jumamosi moja Rosalie alikuta kimoja kimeegemezwa kwenye gereji yake mwenyewe.

"Hiki cha nani?"

"Changu," Nell alisema. "Sijakisimamisha bado. Nyasi ni zako, nikasema nikuulize kwanza."

"Nusu ya nyasi ni zako. Si wewe ndiye unayezikata?"

"Haya, basi nakiweka kwenye nusu yangu."

Akakiweka kweli, na Rosalie akawa anakipita kila asubuhi akienda kuchukua barua.

Wajumbe wa bodi ni watano. Wawili walikwisha kusema wataifunga shule, wawili wakasema hawataifunga, kwa hiyo kila mtu mjini alijua mzigo umemwangukia nani. Peg, katibu wa ofisi ya shule za wilaya na rafiki yake wa siku nyingi, alimvuta pembeni.

"Mwenzangu, sema hapana, yaishe. Itafungwa mwakani, hilo tunalijua sote. Lakini mwakani si shida yako. Utabaki na kiti chako, na mtoto utampa cheti chake."

"Na watoto wa baridi hii?"

"Watavaa soksi nzito," Peg alisema, kisha akaona haya kwa maneno yake mwenyewe.

Jioni ya kikao ukumbi wa chakula ulifurika. Kanuni za maoni ya wananchi zinajulikana: unataja jina lako na unapoishi, unapewa dakika tatu, na wajumbe hawaruhusiwi kukujibu hata neno. Mwenyekiti peke yake husema, "Asante kwa maoni yako," halafu anaitwa mwingine. Rosalie alishawahi kuitwa mwizi, mchawi na ng'ombe, na mara zote akabaki amefunga mdomo.

Halafu Nell akasimama mbele ya kipaza sauti.

"Naitwa Nell Dvorsky," alisema. "Naishi namba kumi na nne, Mtaa wa Tansy. Na yule pale," akamwonyesha bibi yake kwa kidole.

Ukumbi ukacheka. Rosalie hakuthubutu kucheka.

"Nilianza Larkmoor tukiwa tumetoka tu kumzika mama yangu. Mwalimu wangu, Bi Ochs, hakuniambia ninyamaze. Aliniwekea kiti karibu na bomba la joto, chini ya dirisha, akaniacha nilie pale mpaka nikatosheka. Kesho yake tena. Hakuna mtoto aliyenicheka, kwa sababu shule ni ndogo na kila mtu alikuwa anajua. Kuna mtoto mwingine atahitaji kiti kile. Ni hayo tu."

"Asante kwa maoni yako," alisema mwenyekiti.

Rosalie alimtazama mjukuu wake akirudi kukaa. Alikuwa na la kumjibu, lakini kanuni ilimzuia. Alimpenda yule mtoto wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda, na alijua anakwenda kumuumiza. Kwa maana siku chache nyuma alikuwa ameingia katika darasa lile, akaweka kiganja juu ya lile bomba. Lilikuwa baridi, na karibu yake alikuta mtoto ameketi na glavu, anashindwa kushika penseli.

Jina lake lilipoitwa, alipiga kura ya kuifunga. Ukumbi ulimzomea mpaka alipofika kwenye maegesho.

Nell ndiye aliyeendesha gari. Mtaa wa pili ndipo alipouliza.

"Wangekuruhusu, ungenijibu nini?"

"Ningekuambia nililigusa lile bomba lako. Limekufa, mama. Mtoto wa kulia pale sasa atalia huku anatetemeka."

"Ungeweza kusema hapana. Ungebaki na kiti."

"Najua."

"Ungenipa cheti."

"Najua, Nell."

"Nina hasira na wewe."

"Kaa nayo. Ila punguza mwendo, taa ile nyekundu."

Novemba alishindwa, tena vibaya. Januari alirudisha ufunguo wa ofisi, na kiti chake akakikalia daktari wa meno. Nyumbani waliendelea kupika na kula pamoja, na habari ya mahafali hakuna aliyeigusa. Kile kibao kilibaki kwenye nusu ya Nell mpaka theluji ikakifunika.

Siku ya mahafali Rosalie alikaa juu kabisa kwenye viti vya uwanja, jua likimpiga usoni. Alimwona mwenyekiti akimkabidhi Nell jalada, akampigia makofi mpaka viganja vikamuuma. Roho nayo ilimuuma. Alikuwa amejiambia amekwisha kuzoea, kumbe alikuwa akijidanganya.

Jalada la jukwaani huwa tupu. Cheti chenyewe hutolewa baadaye ofisini, mtu akirudisha joho. Na ofisi ya wilaya ilikuwa imehamia majuzi kutoka jengo la kukodi hadi madarasa ya mbele ya Larkmoor, ambayo sasa haikuwa na watoto.

"Twende wote," Nell alisema.

Walimkuta Peg katika darasa la zamani la Bi Ochs, kwenye meza ya watoto, magoti yakigusa kidevu, anapekua boksi la vyeti. Alipokipata akakinyoosha kwa Nell. Nell akaificha mikono yake nyuma.

"Si mimi, Bi Peg. Mpe yeye."

Akatoka hadi kwenye korido, akaivaa tena kofia yake. Peg alielewa haraka kuliko Rosalie. Alisimama, akamtia Rosalie cheti mkononi, akasafisha koo, akaita kwa sauti ya jukwaani, "Nell Marie Dvorsky."

Rosalie alikuwa amesimama chini ya dirisha, pembeni ya lile bomba. Mikono ilikumbuka kazi yake: wa kulia kusalimu, wa kushoto kukabidhi. Nell alivuka chumba taratibu, kama ilivyopaswa. Akaushika mkono wa bibi yake, akakipokea cheti, na mkono akawa hauachii.

"Bado nina hasira kidogo," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Asante kwa maoni yako," alisema Rosalie.

Nell akacheka kwa nguvu, akamwangukia begani. Peg akakumbuka ana kazi chumba cha pili. Rosalie akavuta viti viwili vidogo karibu na lile bomba la baridi, akamketisha mjukuu wake, na kwa kuwa hakuwa mjumbe tena na hakukuwa na kanuni ya kumziba mdomo, akamjibu yale aliyoyasema ile jioni mbele ya kipaza sauti.