Ukuta Uliohamishiwa Lilongwe

Siku ya tatu ya kilio, maharage yakiwa bado magumu jikoni, Zihindula, mkuu wa kwaya, alisimama uani kutoa ushuhuda. Alisema marehemu Mwalimu Apollinaire alifika kambini Dzaleka, hapa Malawi, mwaka 2006 akitokea Bukavu, na mke, watoto wanne na Biblia moja iliyolowa.

"Elfu mbili na ine," ukuta ukasema. "Na Biblia ilikuwa kavu. Niliifunga ndani ya nailoni."

"Pardon, Mwalimu," Zihindula akasema, akaendelea.

Hakuna aliyeshtuka. Sauti ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe, ile ya puani kidogo, na kusahihisha watu ndiyo kazi aliyoifanya miaka arobaini. Kwani kifo kingemkomesha? Wapishi walisogeza sufuria karibu na ukuta wasije wakakosa neno.

Tena ukuta ule, jamani, ulikuwa na haki ya kusema! Ulikuwa ukuta wa mbele wa nyumba yake, wa matofali mabichi. Chaki haikupatikana, basi Mwalimu aliuandikia kwa makaa, na kila Jumamosi akaukandika upya ili Jumatatu aanze tena: hesabu, mito ya Afrika, zaburi, tabaka juu ya tabaka. Batoto wa Kongo, wa Burundi, hata wa vijiji vya jirani, wote walisomea pale. Hakulipwa. Kila alfajiri alipiga magoti akaomba jambo moja: Mungu ampe darasa la kweli, lenye mlango na madawati, huko Lilongwe. Na kila alipopeleka diploma yake mjini aliambiwa kwamba ni diploma nzuri sana, ila mkimbizi hapewi darasa.

Mkewe, Fortunée, alikuwa amezeeka na ombi hilo. Jumatatu, ukuta ulipoanza kufundisha saa moja kamili, alitoka mbio na sabuni bado mikononi.

"Bénie! Amka! Papa yako iko anafundisha!"

Bénie, binti yake mkubwa aliyekuwa akimsaidia baba kazi, alikwishakaa mbele akiwanyamazisha wadogo. Uwanja ulijaa. Kufikia Ijumaa baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, zilikuwa zinaleta watoto kutoka Madisi, wawili wawili nyuma, na kambi nzima ilitembea kifua mbele. Hata walevi walijua mito ya Afrika.

Ndipo akaja afisa wa elimu kutoka Lilongwe. Aliketi benchi la mbele. Ukuta ukamwambia anyooshe mgongo, akaunyoosha. Somo lilipoisha alipiga makofi, macho yanamng'aa. Alisema kuna shule Nsungwi, palepale Lilongwe, ina darasa lisilo na mwalimu, na mwalimu amempata.

"Lakini bwana," Fortunée akasema, "huyu ni mkimbizi."

"Mume wako alikuwa mkimbizi, mama. Ukuta ni udongo wa Dowa. Umezaliwa hapa."

"Na Bénie? Alifundisha pamoja na papa yake. Anaweza kumusaidia."

Afisa alimtazama Bénie kwa huruma ya kweli.

"Yeye amezaliwa Bukavu," akasema.

Fortunée alimtazama binti yake, kisha ukuta.

"Mungu amejibu," akasema. "Mubomoe."

Ah, siku ile! Kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Kila tofali lilifungwa kwenye kitenge, likapokezanywa mkono kwa mkono hadi kwenye lori, huku wanawake wakipiga vigelegele. Njiani tofali moja lilisema saba mara nane, na jingine, kule nyuma kabisa, likajibu hamsini na sita. Nyumba ilibaki wazi upande wa mbele. Bénie alitundika shitingi ya plastiki mahali pa ukuta.

Kisha Fortunée akaenda kuomba ruhusa ya kutoka kambini akamwone mumewe. Aliulizwa ni mgonjwa? Hapana. Anazikwa? Alikwishazikwa. Waliokuwa ofisini walishauriana kwa adabu, wakamwambia kuutembelea ukuta si sababu. Alishukuru. Alhamisi alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda minibasi bila ruhusa.

Mlinzi wa shule ya Nsungwi alimsikiliza vizuri. Fortunée alimweleza, kwa Kichewa chake cha sokoni, kwamba yule mwalimu ni bwana yake. Mlinzi alisema anamwonea fahari, lakini bila karatasi haingii mtu. Alimruhusu asimame nje ya uzio, penye kivuli.

Dirisha lilikuwa wazi. Kulikuwa na mlango, kulikuwa na madawati! Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya buluu. Fortunée aliziba mdomo asicheke kwa sauti, machozi yakamtoka hapohapo. Apollinaire alimaliza sala, darasa likaitikia Amina, kisha akauliza nani hayuko leo.

Watoto walisema wote wapo.

"Hapana," ukuta ukasema. "Kuna mtu hayuko."

Fortunée alinyoosha mkono juu, kidole kimoja mbele, kama wanafunzi wanavyofanya kusema wapo.

Mlinzi, mtu mwema, alidhani anatafuta usafiri. Akampigia kabaza mluzi. Kijana wa baiskeli alifika haraka, akafuta kiti cha nyuma kwa kiganja, akamuuliza mama anakwenda wapi.