Kimeshika Rangi

"Mimi sijasema una kansa!" Zena alifoka, mikono yote miwili ikichuruzika rangi nyekundu ya ukindu. "Nimesema kimeshika rangi. Kamuulize Ida!"

"Ida huyohuyo ndiye aliyeniletea wanajumuiya na debe la unga, kama kwenye matanga!" Walburga alijibu kutoka upande wa pili wa ua wa matete. "Na Isidori seremala naye kaja kunipa pole. Isidori, Zena! Kanitazama toka utosini mpaka nyayo, kama anapima mbao."

Zena alitaka kucheka, akaung'ata mdomo. Huu haukuwa wakati wake.

Miaka kumi na tatu walikuwa majirani hapo Lizaboni, tangu Zena na mumewe Muhsini wahamie kutoka Tunduru. Walipanga foleni ya sukari pamoja enzi za shida. Sasa sukari ilikuwa imejaa kila duka na foleni hakuna, lakini bado walikwenda pamoja, maana umbea wa njiani haukuwahi kuwa na mgawo. Na siku Walburga alipogusa kitu kigumu kama njugu mawe kwenye ziwa lake la kushoto, mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Zena. Ni Zena aliyemsindikiza hospitali. Daktari alikitoa kile kiuvimbe, akakitia kwenye kichupa chenye dawa, akasema wasubiri kipimwe, ndipo ijulikane kama ni kansa au siyo.

Basi wakasubiri. Na kusubiri, kwa Zena, ni kazi ngumu kuliko kulima.

Jumanne alikuwa bombani akamsikia Pankrasi, kijana mpangaji wa Walburga anayefanya kazi maabara ya hospitali, akimwambia mwenzake: "Kile kinyama cha mama mwenye nyumba kimeshika rangi sana, safi kabisa."

Ndoo ilimponyoka. Zena alikuwa amechemsha rangi za mikeka tangu usichana wake, na kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Ukindu ukishashika rangi, umekwisha. Hata uufue kwa magadi haurudi kuwa mweupe. Ugonjwa umeshashika, alijiambia, na akaanza kulia palepale. Ida, jirani aliyekuwa nyuma yake pale bombani, akauliza kulikoni. Zena akamwambia, na akaongeza, "Lakini usimwambie mtu." Lizaboni, kumwambia mtu hivyo ni sawa na kugonga kengele ya kanisa.

Sasa Pankrasi huyo akaingia uani kwa Walburga, anakokota baiskeli.

"Shikamooni."

"Marahaba. Wewe ndiye tunayekutaka," Walburga alisema. "Bombani ulisema nini juu ya nyama yangu?"

Pankrasi akasimama. Ncha za vidole vyake zilikuwa na zambarau isiyotoka, na Zena, aliyekuwa anaviona kila siku, leo ndiyo kwanza aliviogopa.

"Nimekosa, mama. Mambo ya kazini hayasemwi bombani. Lakini nilikuwa najisifu tu."

"Unajisifu kwa ugonjwa wa mwenzio!" Zena akadakia.

"Kwa rangi, Bi Zena. Kinyama kikitolewa tunakigandisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunabandika kwenye kioo. Hapo hakionyeshi kitu. Kama ukindu wako mbichi, wote mweupe. Ndiyo tunakitia rangi mbili, zambarau na waridi. Hiyo ya zambarau inatoka kwenye mti."

"Mti gani?" Zena aliuliza upesi, akasahau ugomvi.

"Wa mbali, huku hakuna. Inashika kokwa, kile kiini cha katikati ya kila chembe ya mwili. Waridi inashika pembeni. Inashika kizuri, inashika kibaya. Isiposhika ndiyo balaa, nirudie kazi yote."

"Sasa kibaya mnakijuaje?"

"Kizuri kimejipanga, kama miaa kwenye mkeka wako. Kansa haina mpango. Makokwa makubwa, meusi, yamebanana, yanapita popote."

"Mkeka uliosukwa na mlevi," Zena alinong'ona.

"Hasa. Ila kusoma si kazi yangu. Daktari atasoma kesho."

Walburga alijitanda khanga yake vizuri, akaingia ndani, akafunga mlango. Mlango ule mchana haukuwahi kufungwa.

Kesho yake Zena hakuchemsha rangi. Walburga alikwenda hospitali peke yake, bila hata kumwita. Ilipofika saa saba alirudi, akapita na bahasha mkononi, hakugeuza shingo. Zena akatafuta jibu kwenye mwendo wake, asilione. Ya Rabi, alisema moyoni, ninyime umbea wote wa dunia hii, lakini mwache.

Baadaye kidogo akasikia kuku anapiga kelele. Walburga alikuwa amesimama uani kwake, kamkamata tembe wake mwekundu miguu, anamwita Muhsini amchinjie.

Zena akashika ukingo wa mlango. Walburga, Mkatoliki wa kufa na rozari yake, kuku wake huchinjwa na mwanawe Remmy. Kisu cha Muhsini hakitafuti ila siku anayotaka Zena naye ale.

Hakuthubutu kuuliza. Alikaa, harufu ya mchuzi ikavuka ua, na bado hakuthubutu. Mpaka sauti ikapasua matete:

"Zena! Umekufa huko?"

"Nipo, dada."

"Daktari kasoma. Mkeka umenyooka. Uvimbe wa kawaida, wala haurudi kunidai."

Machozi yalimtangulia Zena. Alijikuta ameshafika mlangoni kwa Walburga bila viatu.

"Dada, nisamehe. Mdomo wangu huu..."

"Mdomo huo leo una kazi nyingine. Nawa hizo rangi, ingia ule. Ushibe kwanza, ndipo uende kwa Ida ukatangaze na hili. Na Isidori umwambie ubao wake atengenezee kabati. Karibu, ugali unapoa."