Kunyoa Kabla ya Msiba

Nywele za Manase zilianza kumhama akiwa na miaka ishirini na miwili, wala hazikumuaga. Zilianzia kwenye pembe mbili za paji la uso, zikarudi nyuma kidogo kidogo, zikauacha utosi mtupu, na alipofikisha ishirini na mitano zilikuwa zimebaki pembeni tu, juu ya masikio na kisogoni. Vijana wa rika lake walikuwa wakinyoa denge na kujitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa. Yeye alikuwa akitazama kitana kila asubuhi kuona usiku umeondoka na ngapi.

Hakukaa bure. Alipaka maji ya kitunguu mpaka abiria wakahama kiti alichokaa. Alipaka mafuta ya nyonyo, akapaka mafuta ya kondoo, akanunua kichupa kwa mchuuzi aliyeapa kwamba dawa yake inaotesha nywele hata juu ya jiwe. Mama mmoja wa saluni alimpa ajaribu kalikiti, dawa ya kulainisha nywele, ikamchubua ngozi akauguza vidonda wiki nzima. Baada ya hapo aliachana na dawa, akahamia kwenye kofia.

Kofia hazikumpa shida, maana alikuwa muuza mitumba. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, nguo za watu wa mbali zilishuka Singida kwa mabelo, marobota yaliyokazwa, na kijana mwenye miguu na mdomo alipata riziki yake. Manase alipanga chumba mjini kwa mama mmoja aitwaye Felista, akawa anazunguka minada, leo Ikungi, kesho Mgori. Belo likifunguliwa, kofia nzuri ya kwanza ilikuwa yake, na wateja wasubiri.

Ni kwenye mnada wa Mgori alipokutana na Asnath. Asnath alikuwa fundi, anakaa na cherehani yake jirani na alipotandaza Manase. Mtu akinunua kwa Manase suruali iliyoshonewa Mzungu mnene, alivuka hatua tatu tu akapunguziwe kiuno kwa Asnath. Kazi ya mmoja ikaleta kazi ya mwingine, mazungumzo yakafuata, na mwaka haukwisha kabla hawajaahidiana. Lakini mwaka mzima huo Asnath hakuwahi kumwona bila kofia. Siku moja alinyoosha mkono aiweke sawa ilipokaa upande, Manase akaruka kando kama aliyeona nyoka, akasema jua linamuuma kichwa. Asnath alimtazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa posa ilikuwa imepangwa. Baada ya wiki tatu Mzee Zefania, baba yake Manase, angetoka Ulemo na ndugu zake wawili kwenda Mgori, nyumbani kwa Mzee Simeoni, baba yake Asnath, na Manase angewafuata nyuma. Mbele ya wakwe mwanaume anavua kofia. Hapo hakuna habari ya jua. Na roho ya Manase ilikuwa juu juu kwa sababu nyumba ya Mzee Simeoni ilikwisha kuumwa mara moja: dada mkubwa wa Asnath aliolewa na mtu aliyejiita kijana wa miaka thelathini, kumbe ana mke na watoto sita Manyoni. Tangu hapo Mzee Simeoni alimuuliza kila mchumba swali moja, "Una miaka mingapi, na nani anakushuhudia?"

Kichwa cha Manase kilikuwa shahidi mbaya. Siku moja alivua kofia kwenye basi ajifute jasho, na mwanaume mwenye mabinti wawili wakubwa akamwambia, "Shikamoo mzee." Manase akaitikia kwa sauti ya kunong'ona, akavaa kofia haraka, akatazama dirishani mpaka stendi. Kumwitikia marahaba mtu aliyekuzidi umri ni wizi, na yeye alijua.

Basi akaamua kunyoa zote. Kichwa kikiwa kitupu chote, alijiambia, nani atajua zipi zimenyolewa na zipi ziliondoka zenyewe? Ilikuwa akili nzuri, ila ilikuwa akili ya mtu aliyekaa muda mrefu peke yake na kioo. Alisahau jambo ambalo hata mtoto wa Ulemo analijua. Kwetu mwanafunzi ananyolewa kwa amri ya mwalimu, na mtu mzima ananyoa kichwa chote kwa wembe akifiwa na mzazi.

Kinyozi Alute alikuwa na kiti chake karibu na stendi. Manase alikaa, akavua kofia, akasema, "Ondoa zote. Kwa wembe."

Mkono wa Alute ulisimama hewani. "Zote?"

"Zote."

Alute aliweka mashine chini, akamtazama kupitia kioo. Kipara chenyewe hata hakukiona. "Ni nani, ndugu yangu? Mama?"

Manase alitikisa kichwa.

"Mzee?"

Hapo alikuwa bado na nafasi. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: hakuna aliyekufa, nina kipara, naona aibu. Lakini nyuma yake kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wanne wakisubiri zamu, wote na nywele zao tele. Akainamisha kichwa.

"Pole," Alute akasema polepole. "Pole sana, ndugu yangu."

Manase akajibu, "Asante."

Kwa neno hilo moja alikuwa amemuua baba yake.

Alute alichukua wembe mpya, akamlowanisha kichwa kwa maji, akamnyoa taratibu kama anayemwosha mtoto. Wale wanne waliinuka mmoja mmoja wakampa mkono. Manase alipotoa pesa, Alute aliusukuma mkono wake na kusema kwamba mfiwa halipi kwake.

Tuseme ukweli, siku ile Manase alifurahi. Ni aibu kuisema lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitembea kutoka stendi mpaka kwa Mama Felista bila kofia, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na upepo wa Singida, ambao haumwachi mtu, ukampiga kichwani akausikia wote. Watu walimtazama kwa upole. Hakuna aliyechekea pembeni. Mama Felista alipomwona alijishika kifua, akasema, "Jamani, mwanangu, pole," na Manase akajibu tena, "Asante, mama." Alipanga kumweleza kesho yake. Alipanga kumweleza kila mtu kesho yake.

Kesho ilipofika alidamka kwenda mnada wa Ikungi. Habari nayo ilidamka. Mmoja wa wale wanne wa kwenye benchi alikuwa mtu wa Mgori, na jioni ile ile ya kunyoa alikuwa amemfikia Mzee Simeoni na kumwambia kwamba mkwe wake mtarajiwa amefiwa na baba. Mzee Simeoni hakuuliza mara mbili. Mkwe anayefika kaburi limeshafukiwa ana aibu ya maisha, na kwa mtu ambaye bado hata posa haijapokelewa ndiyo zaidi, maana watu watasema alikuwa anasubiri mahari. Alfajiri alimchukua mkewe, akamchukua Asnath, akafunga mbuzi mmoja na debe la unga, wakapanda gari. Mjini walipita kwa Mama Felista, wakakuta chumba cha Manase kina kufuli. Wakaona ametangulia mazishini.

Manase aliporudi mchana na mzigo wake, Mama Felista alimshangaa. "Wewe bado uko huku? Wakwe zako wamepita asubuhi na mbuzi. Mzee atazikwa bila wewe?"

Aliliacha belo pale pale mlangoni, akakimbilia stendi, akapata lori la mbegu za alizeti linalopita njia ya Misigiri. Alikaa juu ya magunia, akaichomoa kofia mfukoni akaivaa, na njia nzima alikuwa akitunga maneno. Yote aliyoyatunga yalikuwa ya uongo, na yote yalikuwa mabaya kuliko ukweli.

Ulemo, wageni wa Mgori walikuwa wameshafika saa nyingi. Mama yake Asnath na Asnath mwenyewe walianza kulia kwa sauti tangu kwenye uchochoro wa minyaa, kama desturi inavyotaka, na Mzee Zefania, aliyekuwa nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe, alikuja mbio na mpini mkononi. "Jamani, amefariki nani?" aliuliza. Mama yake Asnath, ambaye hakuwahi kumwona mzee huyu maishani, alimjibu kwa machozi, "Zefania, baba. Zefania ametutoka." Mzee alikaa chini, akashika goti lake, kisha akashika la pili.

Manase alipoingia uani jua lilikuwa linaelekea kushuka. Wageni walikuwa wamekaa kwenye vigoda, wamepewa maji, hayajanywewa. Mbuzi wa msiba alikuwa anakula maganda ya viazi, yeye peke yake akiwa na amani. Mzee Zefania alikuwa katikati, na kichwa chake cha miaka sitini na nane kilijaa nywele nyeupe, nzito, hakuna palipopungua.

"Shikamoo baba," Manase alisema. "Shikamooni."

"Marahaba mfiwa," baba yake alijibu. "Vua kofia."

Manase alivua.

"Haya, nieleze. Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Maneno yote ya kwenye magunia yalimtoka. Akasema ukweli, akiwa amesimama, kofia mkononi: kwamba nywele zimeondoka tangu miaka mitatu iliyopita, kwamba aliogopa Mgori watamwona mzee na mwongo, kwamba kinyozi aliuliza na yeye akanyamaza. Alisema pia habari ya watu wanne wa kwenye benchi.

Mzee Simeoni ndiye aliyeanza. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitano, baba."

"Nani anakushuhudia?"

"Mimi," Mzee Zefania alisema. "Wakati wa Operesheni Vijiji, tulipohamishwa, alikuwa na miaka minne. Nilimbeba mabegani kutoka kule bondeni mpaka hapa."

"Basi," Mzee Simeoni akasema. "Mimi nilikuwa nataka shahidi. Nywele sikuuliza." Akamgeukia binti yake, maana lililobaki halikuwa lake.

Asnath alikuwa na macho mekundu. Alikitazama kile kichwa alichofichwa mwaka mzima, akakitazama muda mfupi tu, kama mtu anayetazama suruali aone inahitaji kupunguzwa wapi. "Kichwa hicho ningekizoea kwa siku moja tu," alisema. "Lakini nimelia tangu Mgori, Manase. Nimemlilia baba wa mtu nisiyemjua, nikawa najiuliza nitakufariji kwa neno gani. Na wewe ulikuwa Ikungi unauza masweta."

Manase alitamani Asnath amcheke, amtukane, lolote kuliko yale macho. Aliona wazi kwamba alichokuwa anakilinda miaka mitatu hakuna aliyekitaka, na baba aliyemtupa kwenye kiti cha Alute ndiye waliyemjia na mbuzi.

"Miaka yote hii," Mzee Zefania alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana ilichoma, "nilijua siku moja utanizika. Ni kawaida, mtoto anamzika mzazi. Sikujua utanizika kwa ajili ya watu wanne waliokaa kwenye benchi." Kisha akauliza, na ilionekana swali limemjia wakati huo huo na limemuumiza yeye mwenyewe, "Na siku nikifa kweli, utanyoa nini?"

Manase alipeleka mkono kichwani. Alipapasa utosi, laini, usio na kitu. Akateremka mpaka juu ya masikio, pale palipokwaruza kidogo kwa sababu wembe wa jana ulikuwa umeanza kushindwa. Machozi yakamtoka mbele ya wakwe, wala hakuyafuta.

"Hizi za pembeni, baba," alisema. "Hizi zitaota. Nitazitunza."

Mzee aliinuka.

"Zitunze," alisema. Akamwita mkewe aje amshike mbuzi, kwa sababu mnyama aliyeletwa msibani harudi alikotoka, na wageni walikuwa na njaa.

Posa ilisogezwa mpaka baada ya mavuno. Asnath ndiye aliyeisogeza, na alitoa sharti kwamba Manase aende kwa kila aliyempa pole, bila kofia, amwambie baba yake ni mzima na amwambie sababu. Manase alikwenda. Alute alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Mama Felista hakucheka, alimnunia siku tatu, siku ya nne akampa uji. Kuna walioudhika kweli, na mmoja wa wale wanne hajawahi kununua kwake tena.

Nywele za pembeni ziliota, nyeusi na nzito, zikazunguka kichwa kama kata ya kubebea mtungi. Zilimfanya aonekane na miaka arobaini. Mavuno yakapita, mahari ikapokelewa, na siku moja mnadani Mgori mteja aliyekuwa akijaribu koti alimtazama, akamhurumia.

"Ndugu, si unyoe tu hizo zilizobaki?" alisema. "Zinakuzeesha bure."

Cherehani ya Asnath ilinyamaza.

"Haiwezekani," Manase alimjibu, akimfungia vifungo vya koti. "Baba yangu bado yuko hai."