Picha ya Meza ya Marehemu

Bi Thuyen alitaka picha yake ya kuwekwa kwenye meza ya marehemu, ile ya nyumbani ya kuwafukizia ubani waliokufa, iwe tayari mapema, kama walivyofanya wazee wenzake wa mtaa ule wa Hanoi. Wenzake walikwenda studio, wakapigwa, yakaisha. Yeye kazaa wachoraji wawili, sasa studio akafuate nini? Akawaambia wanawe kila mmoja alete ya kwake, atachagua mwenyewe.

Jamani, kuwashindanisha ndugu! Khoi, kaka mtu, huchora kwa rangi za maji juu ya hariri. Wanawake wake huinamisha macho, na huzuni yao utaiona shingoni tu, au kwenye vidole vilivyoshika kikombe. Watu husimama mbele yao wakanong'ona. Wa Diep hawanong'onewi. Diep hupaka laka, utomvu wa mti unaokauka ukang'aa, tabaka juu ya tabaka, nyeusi na nyekundu, kisha husugua kwa msasa na maji mpaka uso uliozama uibuke na kukukodolea macho. Mnunuzi mmoja alimrudishia picha, eti mkewe hapitishi tonge mbele yake.

Safari hii Diep alisugua mpaka vidole vikachubuka. Alitaka jambo moja tu: mama akubali kwamba alilia. Mien, kitinda mimba wao, alikufa kwa homa akiwa mdogo, na tangu hapo mama hakumtaja mbele ya mtu. Lakini Diep alimwona siku moja nyuma ya tangi la maji, mdomo wazi, sauti haitoki. Mdomo ule ndio aliouchora.

Picha zikaegemezwa ukutani. Bi Thuyen akavaa miwani.

"Huyu wa Khoi mpole," alisema. "Hata mimi ningemwomba ushauri."

"Mama anakucheka hapo, kaka," Diep akachokoza.

"Nyamaza wewe! Wako anataka kumng'ata mtu," Khoi akamjibu.

Mama hakucheka. Alikuwa amefika kwenye picha ya pili, anaugusa ule mdomo.

"Diep, uliniona wapi?"

"Nyuma ya tangi, Mama. Nikanyamaza."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Bi Thuyen alishusha pumzi. "Basi ndiyo mimi. Yule wa kaka yako ni wa wageni. Huyu ni mimi hasa."

Moyo wa Diep ulimruka kwa furaha. Lo, haukufika mbali.

"Mezani mtaweka ya Khoi," mama akasema.

Diep akapandwa na hasira, machozi yakamlenga. "Si umesema mwenyewe huyu ndiye wewe? Au unaogopa atawatisha wajukuu?"

"Wajukuu watazoea. Hebu kaa." Akamsogezea mkeka. "Picha ya pale ni ya mtu aliyekwisha kufa, mwanangu. Siku hiyo nitakuwa nimeshampata Mien. Sasa nilie nini tena?"

Katika kusugua kote kule, hilo Diep hakuliwaza hata kidogo. Alibaki kuitazama mikono yake.

"Ya kwako nitundikie chumbani leo hii, karibu na kitanda," mama akasema. "Huku bado nipo, na Mien wangu hayupo."

Diep akamkumbatia, na Bi Thuyen, mbele ya wanawe wote wawili, akalia.