Ukaguzi wa Gari la Isihaka

Isihaka aliliosha gari lake alfajiri, akafuta hadi viti, ndipo akalipeleka halmashauri kuomba leseni ya teksi. Julius, afisa wa leseni, kijana wa shingo nene, alimpokea kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Niachie funguo, nikalijaribu barabarani."

Isihaka akasubiri kwenye benchi mpaka adhuhuri ikapita, jua la Handeni likimchoma utosi. Ukaguzi gani huu, kwani gari linakwenda Makka?

Julius alirudi akipiga mluzi. Isihaka alipofungua mlango wa nyuma, uvundo ulimpiga usoni. Kiti kizima kilikuwa kimelowa mkojo wa mbuzi, na mavi yametapakaa kila mahali.

Julius naye akachungulia, akaziba pua.

"Aa, mzee wangu! Gari linanuka hivi, abiria gani atapanda? Silipitishi. Kalioshe vizuri, ulilete Jumatano ijayo nilikague tena."

Isihaka akatema mate chini. Jumatano, kama leo, ndiyo siku ya mnada wa mbuzi.